Nilisema Sikuona Kitu Darini

Mshauri mpendwa, sijui nianze na salamu au nianze na kosa, kwa hiyo pokea vyote kwa pamoja, naomba unisaidie maana nimefika mahali ambapo hata chakula nikikitia mdomoni nakitafuna kama karatasi. Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na mmoja, ni fundi umeme mwenye leseni, kazi hii nimeifanya miaka kumi na saba, na mtaani kwetu wananiita Mama Umeme. Wanaume walionicheka zamani nikipanda ngazi na suruali ya kazi ndio hao hao siku hizi wananipigia simu taa zikigoma. Marehemu mama yangu alijivunia kazi yangu kupita kiasi, mgeni akiingia nyumbani kabla hata hajapewa kiti alishaambiwa, "Taa hiyo unayoiona kaiweka mwanangu wa kike," na mimi nilikuwa naona haya usoni lakini moyoni nacheka.

Miaka minne iliyopita kaka yangu, ambaye tumezaliwa naye wawili tu, alijenga nyumba ya vyumba vitatu, na mama akahamia kwake kwa sababu ya mguu wake mbovu, nami nikasema umeme wa nyumba hiyo haugusi mtu mwingine, hiyo ni zawadi yangu. Ukutani nilivuta waya vizuri tu, ndani ya paipu, lakini nilipofika darini nilikuwa na kazi nyingine ya bweni la shule inanisubiri, msimamizi wa huko anapiga simu kila saa, kwa hiyo waya za darini nikazitupa kutoka ubao mmoja wa paa hadi mwingine bila kuzifunga, nyingine zikalegea kama kamba ya kuanikia nguo, na pale juu ya korido, mbele ya chumba cha mama, nikaunga waya za soketi kwa kuzisokota na kuzizungushia tepu, sikuweka boksi, nikakiacha kiungo kikining'inia hewani. Boksi zilikuwepo. Klipu za kufungia waya zilikuwepo, pakiti nzima, zilikuwa kwenye mkoba wangu. Sikukosa vifaa, Mshauri, nilikosa saa mbili za kukaa juu ya ngazi.

Fundi wa dari alipokuja kupiga silingibodi alinipigia simu akaniuliza mbona waya zinaning'inia, afunike au anisubiri, na mimi nikamjibu afunike tu, nitaingia kwa kile kimlango cha dari nizifunge mwenyewe, hii ni nyumba ya kwetu, haikimbii. Yule mtu akasema sawa fundi, wewe ndiye unayejua. Sikurudi. Mwaka wa kwanza nilikumbuka kila nilipokwenda kula pale, mwaka wa pili nikawa nakumbuka nikishaondoka, baada ya hapo sikukumbuka tena, taa zinawaka, feni inazunguka, nani atainua macho kutazama dari nyeupe?

Sasa ni mwezi wa tano tangu siku ya moto. Ilikuwa alasiri, kaka yuko kazini, watoto wao wawili shuleni, mama amekula mchana na amejilaza, na wifi yangu, mke wa kaka, alikuwa anapiga pasi sare za watoto kwenye meza iliyokuwa pale pale koridoni. Alipomaliza akatoka kwenda dukani kununua sabuni, hakukaa hata dakika ishirini. Aliporudi alikuta moshi unatoka chini ya mabati na majirani wanavunja mlango wa nyuma. Aliingia, Mshauri, majirani wote wanashuhudia kwamba aliingia, akaungua mkono kuanzia kiganja hadi kiwiko kwa kusukuma mlango wa chumba cha mama, lakini silingibodi ilikuwa imeshaanguka koridoni na moshi ulikuwa umeshafanya kazi yake. Mama hakuungua hata kidole. Alikutwa amekaa kitandani, amejifunika khanga puani.

Watu walipoingia baada ya moto kuzimwa, kitu cha kwanza walichokiona koridoni ni ile meza ya kupigia pasi imekuwa mkaa, na juu yake pasi. Basi. Hakuna aliyeuliza swali la pili. Afisa mmoja wa zimamoto alikuja na daftari, akaandika alichoambiwa, chanzo ni pasi, akaenda zake. Wifi alikuwa anarudia neno moja tu, "Niliichomoa, jamani, niliichomoa," na kila alivyolirudia ndivyo watu walivyozidi kutazama chini.

Siku ya tatu baada ya mazishi kaka alinishika mkono mbele ya wajomba na mashangazi na majirani, akaniambia, "Dada, fundi ni wewe. Panda utuambie." Nikapanda. Nilichokiona huko juu nitakiona mpaka siku ninayoingia kaburini. Mbao za paa zilikuwa zimeungua kote lakini pale juu ya korido zililika hadi kubaki wembamba wa kidole, na katikati yake kilikuwepo kiungo changu, shaba imeyeyuka na kuganda vitone vitone kama shanga. Nikaelewa bila kufundishwa. Waya usiofungwa unavutwa na uzito wake wenyewe, mchana bati likipata moto unalegea, jioni unakaza, na mwaka baada ya mwaka ule msokoto ulikuwa unaachia kidogo kidogo, na pasi ni kitu kinachokula umeme mwingi, kwa hiyo kila sare ya mtoto iliyonyooshwa chini ilikuwa inachemsha kiungo juu, na chini ya kiungo kulikuwa na maranda ya mbao ambayo hakuna aliyeyafagia. Waya ungekuwa umefungwa kwenye ubao, lingekuwepo boksi, mama yangu angeamka saa kumi akaomba chai.

Nikashuka nikaenda kwenye meza nikaitazama plagi ya pasi. Meno yake yalikuwa yamejaa masizi meusi mpaka kwenye shina. Plagi iliyokuwa ndani ya soketi wakati wa moto hutoka na meno safi, masizi hayafiki kule ndani. Wifi alikuwa ameichomoa kama alivyosema. Nilikuwa nimeishika ile plagi mkononi, watu kama thelathini wamesimama uani wananisubiri, fundi wa dari naye yupo kati yao amekuja kutoa pole, na kaka akaniuliza, "Enhe?" Nikasema, "Sikuona kitu darini."

Maneno matatu. Kaka hakupiga kelele, hakumgusa mkewe, alimwambia tu akusanye vitu vyake aende kwao mpaka atakapoweza kumtazama tena. Plagi niliikata nikaitia mfukoni, mpaka leo sijui kwa nini sikuitupa. Kaka na watoto wakahamia kwangu. Ndani ya nyumba yangu hakuna anayeigusa pasi, yule binti mdogo anakwenda shule na sketi imejikunja kama aliyelala nayo, mwalimu akamuuliza, mtoto akajibu kwamba kwao pasi iliua bibi.

Mwezi uliopita nilimfuata wifi kwa dada yake anakoishi, nimembebea nguo zake zilizosalia. Nilikuwa nimekwenda kusema, Mshauri, nakuapia. Nilimkuta amekonda, mkono una kovu linalong'aa, akanikaribisha, akanipa maji, akaniambia katika ukoo mzima mimi ndiye peke yangu niliyekuja kumwona. Kisha akasema, "Wifi, mwanzoni nilikuwa na hakika niliichomoa. Siku hizi nikifumba macho naiona inawaka. Watu wote hawawezi kukosea. Labda kweli nimemuua mama."

Nikamwambia asiwaze sana. Nikanywa maji nikaondoka.

Nisaidie. Nikisema, kaka aliyempoteza mama atampoteza na dada, leseni nitanyang'anywa, na ziko nyumba nyingine kumi na moja nilizofanya haraka haraka vile vile, sitaki hata kuzihesabu. Nikinyamaza, wifi anaendelea kuoza. Nimewaza labda nimwombee tu msamaha kwa kaka, amrudishe, yaishe bila kufukua. Je, hilo halitoshi?

Ni mimi fundi wa kike niliyechoka

*

Mwanangu, pole kwa kufiwa na mama. Pole hiyo ni ya dhati na ni moja, usinitafutie ya pili, maana mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Nianze na swali lako la mwisho, kwa sababu ndilo lililonikasirisha. Unataka kumwombea msamaha mtu ambaye hakukosa. Hebu lisome tena ulivyoliandika, taratibu, kama unavyosoma mita. Wifi yako akirudishwa kwa msamaha wa namna hiyo, atakaa ndani ya nyumba ya mumewe maisha yake yote akiwa muuaji aliyehurumiwa, atainamisha kichwa kila mkitaja jina la mama, na wewe utakaa pembeni yake mezani ukimpakulia mboga. Heri abaki kwa dada yake. Umemwangushia jumba bovu, na sasa unataka usifiwe kwa kumpangusa vumbi.

Uzembe wako wa miaka minne iliyopita naweza kuuelewa. Hukutaka kuua. Mafundi wangapi wanasema "nitarudi" na hawarudi? Ni kosa kubwa, lakini ni la mtu mwenye haraka. Yale maneno matatu uani ni kitu kingine. Pale hukuwa na haraka, hakuna aliyekupigia simu, ushahidi ulikuwa mkononi, na ukamtazama mwanamke aliyeunguza mkono wake kwa ajili ya mama yako ukamwacha azame. Na mbaya zaidi umemwibia hata kumbukumbu yake mwenyewe. Alijua alichofanya, sasa hajui tena. Hilo haliwezi kusubiri mpaka ujisikie tayari, kwa sababu mtu anayejiona muuaji bila kuwa muuaji anaweza kufanya lolote kwenye chumba cha dada yake.

Kwa hiyo sikiliza. Barua hii sitaichapa gazetini mpaka kwanza ikufikie wewe kwa posta, na ikikufikia usiimalize siku hiyo bila kwenda kusema. Nenda kwa wifi yako. Yeye kwanza, kabla ya kaka, maana mwenye haki ya kwanza ya kujua ni aliyenyang'anywa. Nenda na ile plagi. Mweleze meno yake yanasema nini, kwa lugha nyepesi. Usimweleze habari za bweni la shule, wala za msimamizi aliyekuwa anakupigia simu, wala jinsi ulivyoteseka. Hayo ni yako. Usilie kabla yake, ukaishia kubembelezwa na mtu uliyemwonea. Akikutukana, kaa. Akikufukuza, ondoka. Usimwombe akusamehe siku hiyo. Huo ni mzigo mwingine unaomtwika.

Kisha kaka yako, siku hiyo hiyo. Mpandishe ngazi aone mwenyewe. Halafu waite wajomba na mashangazi na majirani wale wale, maana aliyehukumiwa uani hawezi kusafishwa chumbani. Fundi wa dari naye aitwe, yule aliyekuuliza kwenye simu, kwa sababu nadhani naye ana mawe yake kifuani: alijua na alifunika. Kisha nenda kwenye ofisi iliyokupa leseni ukaseme, na kwa yule afisa wa daftari afute alichoandika. Watakalokuamulia ulipokee. Huenda likawa zito. Mimi siwezi kukuahidi kwamba halitakuwa.

Na zile nyumba kumi na moja ambazo hutaki kuzihesabu, zihesabu. Ndani ya kila moja kuna mtu amelala baada ya chakula cha mchana. Chukua karatasi uziandike, na mpaka kila dari imefunguliwa usiniambie umechoka.

Nilimuuliza fundi mmoja mzee ninayemwamini, ili na ninyi wengine mnaosoma hapa mjue mnaishi chini ya nini. Anasema waya wa darini haulazwi juu ya silingibodi wala hauachwi ukaning'inia. Unafungwa kwa klipu kwenye mbao, kila baada ya hatua fupi, ili usivutike. Palipo na ukingo wa chuma, au mahali ambapo mtu mwingine atakuja kupiga msumari au skrubu, waya upite ndani ya paipu. Kiungo kikae ndani ya boksi lenye kifuniko, na boksi lenyewe lishikwe kwa skrubu. Maranda yafagiliwe. Na mwenye nyumba asikubali dari ifunikwe kabla hajapanda ngazi mwenyewe, au kumtuma mtu mwenye macho, akaona. Fundi akikuambia "niamini tu," mwambie unamwamini na bado unapanda.

Mwanangu, mama yako aliwaambia wageni kuwa mwanawe ni fundi. Sikwambii hayo ili ulie. Nakwambia kwa sababu kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na wewe unajua kazi hii kuliko wengi, ulijua tangu siku ile pale juu ni kipi sahihi. Simama. Wifi yako anasubiri na hajui kwamba anasubiri.

*

Mshauri, nakuandikia baada ya wiki saba. Uliposema nisiimalize siku bila kwenda, sikuimaliza, ila nilizunguka mtaa wa dada yake mara tatu kabla ya kubisha hodi.

Nilimwambia wifi kama ulivyonielekeza, nikaweka plagi mezani. Aliisikiliza habari yote mpaka mwisho. Kisha akasema, "Rudia." Nikarudia. Akasema, "Rudia tena pale kuhusu meno." Nikarudia mara ya tatu. Akaichukua plagi akaifungia kwenye ncha ya khanga, akafungua mlango akasimama pembeni yake mpaka nikatoka. Tangu siku hiyo hajasema nami, na sidhani kama atasema.

Kaka alipanda ngazi. Aliposhuka alikwenda bombani akanawa mikono, akanawa, akanawa, maji yakajaa mpaka miguuni. Kesho yake alihama kwangu na watoto. Mbele ya ukoo nilisema yote nikiwa nimesimama. Shangazi mmoja alitoka nje, fundi wa dari alilia kama mtoto akasema ni kweli alinipigia. Kaka alikwenda kwa mkewe akapiga magoti mlangoni mwa shemeji yake. Wifi amewachukua watoto. Yeye mwenyewe kwa mumewe hajarudi, amemwambia kaka kwamba yeye naye anahitaji muda mpaka aweze kumtazama. Afisa amebadilisha maandishi yake. Leseni wameichukua, na shauri langu lingine, la mahakamani, bado linasikilizwa, siwezi kulieleza hapa.

Kwa kuwa siruhusiwi tena kugusa kazi, nimemtafuta fundi mwenzangu mwenye leseni, yeye anafunga na kubadilisha, mimi naonyesha nilipopita. Nyumba mbili wamenifungia geti, nimewaandikia barua na ofisi imewaandikia pia. Tano tulikuta waya zimelegea tu. Ya sita, nilipoingiza kichwa kwenye kimlango cha dari, nilisikia harufu kabla sijaona. Tepu ilikuwa imekauka na kuwa ya kahawia, na ubao wa chini yake umeanza kuwa mweusi, doa la ukubwa wa sahani.

Mwenye nyumba, mama mmoja kijana, alikuwa amenishikia ngazi kwa mkono mmoja, mtoto amelala begani. Alipoona sishuki akaniuliza kama kuna tatizo huko juu.

Nikamwambia, "Lipo. Nililiacha mimi."